Kidari Baridi cha Mjomba

Mimi si mtu wa kukaa kimya, na wifi yangu Felisita analijua hilo vizuri. Siku aliposimama mlangoni mwa duka langu la vitenge, hapa Bariadi mjini, anahema kama aliyefukuzwa na nyuki, hakunisalimia. Alisema tu, "Wifi Esteria, funga duka."

"Kuna msiba?"

"Msiba wa nini! Nimepewa sendofu ya Jenifer. Masinia yote ya nyama, meza zote, ni yangu!"

Nilipiga kigelegele pale pale, mteja akiwa ameshika kitenge mkononi. Yule mama naye, bila kujua tunashangilia nini, akapiga cha kwake. Duka nikalifunga kweli. Kitenge alikipata siku nyingine.

Ili mjue kwa nini nilipagawa namna ile, lazima niwaambie Felisita ni nani. Ni dada wa mume wangu, mzaliwa wa Zagayu kule Itilima, nyumba ya pamba na ng'ombe. Alikwenda Mwanza akiwa msichana, akaajiriwa hotelini kuosha vyombo, na kidogo kidogo akasogezwa mpaka kwenye chumba wanachokiita jiko baridi. Ni jiko lisilo na moto. Kuna friji, mbao za kukatia na visu, basi. Nyama inaingia mle ikiwa imeshaiva, imepoa na kukaza, na kazi yao ni kuikata vipande vyembamba na kuipanga kwenye sinia mpaka mtu aone huruma kuiharibu kwa kula. Felisita alilipenda jiko lile. Mpaka leo ukimtajia ulimi wa ng'ombe uliochemshwa na kitunguu saumu, ukamenywa, ukapozwa na kukatwa vizuri, anafumba macho.

Aliporudi Bariadi alikuja na visu vyake vimeviringishwa kwenye taulo. Akapanga nyumba jirani na yetu, mtaa wa Malambo, akanunua friji iliyokwisha tumika, akaanza kutangaza kwamba anaandaa masinia ya nyama baridi kwa sherehe. Wateja wa kwanza walikuwa watumishi wa serikali waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine. Bwana Rogasian, mtu wa Kilimanjaro, ndiye aliyemwagiza mara ya kwanza, walipokuwa wanamuaga mkuu wao wa idara. Wakala, wakasifu, wakaombana namba ya simu yake. Lakini wenyeji walikuwa wagumu. Kwenye ubatizo mmoja mama fulani alinivuta pembeni, akaniuliza kwa huruma kabisa kama gesi ilituishia.

Na mgumu kuliko wote alikuwa baba yake mwenyewe, Mzee Mayunga, mkwe wangu.

Nilikuwepo siku Felisita alipompelekea sinia la kwanza. Alikuwa amehangaika nalo tangu jana yake, akalifunika kwa kitambaa cheupe, akalipakata kwenye bodaboda mpaka Zagayu kama amebeba kichanga. Mzee alifunua kitambaa. Akatazama paja la ng'ombe limekatwa jembamba, limekunjwa vizuri, nyanya zimelizunguka. Akaligusa kwa mgongo wa kidole.

"Imepoa," akasema.

"Ndiyo, baba. Ndivyo inavyoliwa."

"Mayu," akamwambia. Kwetu baba anamwita binti yake mayu, yaani mama, hasa anapompenda au anapotaka kumkatalia. "Nyama ikipoa maana yake kuna watu wameshakula. Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi, sijachelewa. Kwa nini unipe kiporo?"

Hakukasirika. Angekasirika ningefurahi, maana ningepata cha kuhadithia. Aliwaita wachungaji wake, akawapa lile sinia, wakala wakalamba na vidole. Yeye akaomba ugali wake na maziwa ya mgando. Felisita alirudi njia nzima amelipakata sinia tupu. Tulipofika alitundika taulo la visu ukutani, akaniambia, "Wifi, mji mzima unisifu na baba hajaonja, mimi bado sijapika."

Tangu siku ile kila alipokwenda kwao alipika kama watu wote, nyama ya moto na mchuzi wake, na mzee alikula na kumshukuru. Kazi inayomlisha binti yake hakuwahi kuionja hata kipande kimoja.

Sasa tazameni hii sendofu ilivyokaa. Jenifer, anayeolewa na mwalimu Erasmus, ni mtoto wa shangazi Domitila, na shangazi Domitila ni dada yake Mzee Mayunga, tumbo moja. Kwa hiyo mzee ndiye mjomba wa bibi harusi. Na katika ukoo wetu kidari cha ng'ombe wa sherehe, ile nyama ya kifuani, ni cha mjomba. Analetewa yeye kwanza, mbele ya watu. Anakishika, anakikata kwa kisu chake, anawagawia anaowataka. Mpaka hapo hakuna mkono unaogusa chakula. Mjomba asipogusa, wageni watakaa na sahani zao mapajani mpaka wachoke, na bibi harusi ataondoka kwao na mkosi.

Isitoshe, ng'ombe mwenyewe alitolewa na mzee. Dume jeusi, nene, lenye baka jeupe kifuani, amelikuza mwenyewe tangu ndama.

"Umeona?" Felisita aliniambia, macho yanamng'aa. "Safari hii hawezi kuwaita wachungaji. Atakuwa meza kuu, na mimi ndiye ninayempelekea."

"Na akikataa?"

"Atakula."

"Nauliza akikataa, wifi."

Akaligusa taulo la visu. "Akikataa mbele ya ukoo mzima, visu hivi nitampa mwenye bucha. Sitavishika tena."

Nilitaka kumtania, nikaona hafanyi mzaha.

Jamani, kazi ya siku zile! Sijawahi kuchoka nikiwa na furaha namna ile. Dume lilishushwa kwenye lori, likachinjwa machinjioni, na Felisita amesimama pale na gauni lake la kazi anamwelekeza mchinjaji kama fundi anayepimiwa mbao. Hapa usipasue. Hicho niachie kizima. Ulimi usiutoboe. Yule mchinjaji alikuwa jamaa mwenye mdomo mchafu, lakini alishika adabu. Nyumbani kwa Felisita sufuria zilijaa mpaka uani. Mapaja, ulimi, kuku, mayai ya kuchemsha beseni zima. Barafu tuliiagiza kwa wauza samaki wa Nassa, kule ziwani, tukaifunga nailoni mara mbili ili dume la mzee lisije likanuka sangara. Friji yake ilipojaa, tukajaza ya kwangu. Friji yangu ilipojaa, nikaenda kumwondolea soda zake yule jirani mwenye grosari, na aliponiuliza kwa ruhusa ya nani, nilimwambia ya bibi harusi.

Kamati ya sherehe nayo ilikuwa na masharti. Mwenyekiti wake, Bwana Fredrick, alipita na shati lake jeupe akasema, "Dada Felisita, tafadhali, mifupa hapana. Wageni watakuwa na suti. Mifupa iende kwenye supu huko jikoni."

"Hamna shida," alisema Felisita. Na kweli kwake haikuwa shida, maana jiko baridi halipendi mifupa.

Kidari alikishughulikia mwenyewe, hakutaka mtu akiguse. Aliutoa mfupa kwa ncha ya kisu, polepole, nyama ikabaki nzima kama kitambaa kinene. Akaipaka chumvi, tangawizi, pilipili manga, akaichemsha kwa moto mdogo mpaka ukiichoma kijiti kinaingia chenyewe. Akaiacha ipoe ndani ya supu yake, akaifunga kwa kitambaa na uzi, akailaza katikati ya mbao mbili, na juu akaweka ndoo ya maji ili ikandamizwe usiku kucha. Ile ndoo niliijaza mimi. Naomba mlikumbuke hilo.

Asubuhi ya sherehe alikifungua. Kilikuwa kimekaza, kimekuwa bapa, mafuta yake yametengeneza mistari myeupe. Akakikata kuanzia upande mnene hadi upande mwembamba, vipande vyembamba kiasi cha kuona mwanga upande wa pili. Halafu akaanza kuvipanga kwa mfuatano ule ule, kimoja kikiegemea kingine, vikizunguka sinia lile kubwa kuliko yote. Katikati akaweka weupe wa mayai umechanwachanwa, na pembeni vipande vya matobolwa, vile viazi vitamu vyetu vilivyochemshwa na kukaushwa, badala ya mkate. Alipojiinua nikaona ametengeneza nini. Ilikuwa tumba la pamba limepasuka, tayari kuchumwa.

"Ni la mkulima," akasema. "Baba ataelewa."

Nami niliona ataelewa. Nani asingeelewa? Machozi yalinitoka kwa uzuri tu. Sisi wote wawili, mmoja mzaliwa wa Zagayu na mwingine ameolewa huko, tulisimama mbele ya kidari cha mjomba tukalia kwa furaha, na hakuna aliyeona kilichokosekana.

Sherehe ilianza jua likiwa bado juu. Turubai, lililofungwa uwanjani nyuma ya nyumba ya Felisita, lilijaa. Wazee wa Zagayu upande mmoja na makoti yao, watumishi upande mwingine na suti zao, ndugu wa Nassa, watoto wa dada mwingine wa mzee, nyuma kidogo, maana walipenda kukaa karibu na jikoni. Mzee Mayunga aliingia na fimbo yake na kofia ya pama, nikapiga magoti.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu, baba." Amani tu. Lakini ile siri ya sinia ilikuwa inaniwasha ulimi, nikaondoka haraka nisije nikaropoka.

Wakati ulipofika mshereheshaji, kijana mmoja anaitwa Januarius, akapaza sauti. "Mabibi na mabwana! Kidari cha mjombaaa!" Muziki ukafunguliwa. Felisita akatoka na sinia kichwani, sisi wanawake nyuma yake tunacheza, vigelegele mpaka masikio yanauma. Watu walisimama juu ya viti kupiga picha kwa simu. Nilimwona Bwana Rogasian ameweka mikono kichwani kwa mshangao. Felisita akapiga magoti, akaliweka sinia mbele ya baba yake, akafunua.

Watu wakasema, "Aaah!"

Mzee akainuka na kisu chake mkononi. Akalitazama sinia. Akainama. Akazunguka meza, akalitazama kutoka upande mwingine. Muziki ukazimwa ili asikike, maana mjomba huwa anasema neno.

"Ng'ombe wangu alikuwa na kidari?" akauliza.

Januarius akacheka kwenye kipaza sauti. "Mzee wetu, kidari ndicho hicho! Kimekwenda shule!"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

"Nimeuliza vizuri," akasema. "Dume langu nalijua. Kifua chake nakijua. Hivi ni vipande. Vinaweza kuwa vya paja. Vinaweza kuwa vya ng'ombe wa mtu mwingine. Nikishike nini hapa? Nigawe nini?" Akafikiri kidogo, akaongeza kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, "Na imepoa. Wengine mmeshakula?"

Akakaa. Kisu akakirudisha kwenye ala, fimbo akaiweka katikati ya magoti.

Nilichanganyikiwa kwa hasira. Asingekuwa mkwe wangu, haki ya Mungu, ningemwambia maneno ambayo yangetangazwa mpaka Maswa. Shangazi Domitila ameinamisha kichwa. Jenifer, na mapambo yake yote, midomo inamcheza. Bwana Fredrick akaja mbio akamnong'oneza Felisita kwamba watoe nyama ya kuchoma, ipo, wampe mzee kitu cha moto yaishe.

Felisita hakumsikia. Alikuwa bado amepiga magoti, anamtazama baba yake, na nikaona uso wake unabadilika, si kwa aibu, bali kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu jikoni.

"Mfupa," akasema. "Wifi, nimemnyima mfupa!"

Akainuka akakimbia. Mimi nyuma yake, na viatu vyangu vya visigino.

Jikoni kulikuwa na sufuria ya supu, ile kubwa ya kupikia watu wa misiba, inatokota. Mpishi wake, baba mmoja mnene anaitwa Maige, alikuwa tayari ameshika upawa na foleni ya vikombe iko mbele yake.

"Usichote!" Felisita alipiga kelele, Maige akadondosha kikombe.

Akachukua mwiko wa ugali, akauzamisha, akakoroga. Ukatoka mfupa wa mguu. Akautupa kwenye beseni. Ukatoka uti wa mgongo. Ukatoka mwingine sijui wa wapi. Mvuke unampiga usoni, jasho linamtiririka, kilemba kimeanguka. Mimi nashika beseni na kupiga kelele "Huo! Hapana, huo! Chini kabisa!" kama vile najua. Maige naye akaingiwa na wazimu wetu, akachukua upawa wake akawa anasaidia kusaka. Halafu mwiko ukanasa kitu kizito, Felisita akakiinua kwa mikono miwili, na ukachomoza mfupa wa kifua na ncha za mbavu zake, mzima, mweupe, unachuruzika.

"Ndio huo!" Maige alishangilia, na hakujua tunautafutia nini.

Tukautumbukiza kwenye beseni la barafu mpaka ukapoa, tukaufuta kwa kitambaa safi, tukarudi mbio. Watu walikuwa wameanza kuguna. Felisita alipiga magoti tena mbele ya baba yake. Akaondoa weupe wa mayai. Lile tumba la pamba, kazi ya asubuhi nzima, akalivunja kwa mkono wake mwenyewe. Akaulaza mfupa katikati ya sinia, akaanza kuviegemeza vipande juu yake, kimoja kimoja, kuanzia upande mnene. Wale wa Mwanza walimfundisha asichanganye vipande, kikaavyo kwenye nyama ndivyo kikae kwenye sinia. Basi kila kipande kilikuwa kinajua pa kwenda. Kifua kikaanza kuinuka. Watu wa nyuma wakaja mbele. Wazee wa Zagayu wakaacha viti. Alipoweka kipande cha mwisho kwenye ncha nyembamba, kidari cha dume kilikuwa kimelala pale, kizima, na mfupa wake.

Mzee Mayunga alisimama polepole. Akaweka kiganja juu ya mfupa. Vidole vikatembea kwenye ncha za mbavu, kimoja kimoja, vikasimama mahali palipokuwa na kinundu.

"Hapa," akasema. "Hapa alipigwa pembe akiwa ndama. Nilimfunga mwenyewe kwa kamba na majani." Akainua uso, akatangaza, "Huyu ndiye. Ng'ombe wangu huyu."

Mimi sikusubiri muziki. Nilipiga kigelegele mpaka koo likakwaruza, na turubai zima likanijibu.

Mzee akachomoa kisu chake akate, kama ilivyo desturi. Kisu kikabaki hewani. Hakukuwa na cha kukata. Akakirudisha, akachukua kipande cha kwanza kwa vidole, akampa Jenifer. Akampa shangazi Domitila. Akamwita mwalimu Erasmus, akampa. Baba na mama yake Erasmus, akawapa. Hapo ndipo kidari huwa kinakwisha. Kwenye harusi yangu mimi kiliishia kwa watu wachache sana, ndugu wa Nassa hawakufikiwa, na walinuna kiasi kwamba hata kumtazama mtoto wangu alipozaliwa hawakuja. Mimi sina mjomba, kwa hiyo aliyegawa siku ile alikuwa huyu huyu Mzee Mayunga, na najua lilimuuma.

Sasa alilitazama sinia. Lilikuwa kama halijaguswa.

"Bado vipo?" akamuuliza Felisita.

"Vipo, baba. Vingi."

"Watafikiwa na wa Nassa?"

"Watafikiwa wote, baba. Mpaka madereva."

Nikaona kitu kinamwingia mzee. Alivua kofia, akampa mtu amshikie. Fimbo akaiegemeza mezani. Halafu, yeye mwenyewe, mtu ambaye kwake hajawahi kujinyanyulia hata kata ya maji, akalibeba lile sinia kwa mikono miwili akaanza kupita meza kwa meza. Bwana Fredrick akataka kumpokea, akafukuzwa kwa jicho. "Shika, ngosha," akimwambia mwanamume. "Shika, mayu," akimwambia mwanamke. " Kidari cha dume langu hicho." Akawafikia ndugu wa Nassa, na yule kaka yao mkubwa aliyeninunia miaka yote akasimama, akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Wabeja, mami!" Asante, mjomba! Wakakumbatiana na sinia katikati yao. Bwana Rogasian alipewa, akataka kupiga naye picha, akapewa ruhusa. Januarius alipewa, akatafuna akiwa ameshika kipaza sauti, tukamsikia wote. Muziki ukarudi, na mzee sasa anakwenda kwa mwendo wa kucheza, makoti ya wazee yanamfuata nyuma.

Baada ya hapo masinia mengine yalivamiwa. Ulimi ulikwisha nikiwa natazama. Yule mama wa kuulizia gesi alikuwepo, na alikuwa na sahani mbili.

Mimi na Felisita tulisimama mlangoni mwa jikoni tumeshikana mikono, tunarukaruka kama wasichana wa shule. Kisha akaacha kuruka. Nikafuata macho yake. Mzee alikuwa amefika kwa madereva, kule mwisho kabisa, anatoa kipande cha mwisho. Sinia lilibaki na mfupa peke yake.

"Amegawa vyote," akasema Felisita. "Hajala, wifi. Baba hajaonja."

Na kweli. Alikishika, akakitambua, akakisifu, akawalisha watu wote. Mdomoni mwake hakikuingia hata kidogo. Furaha ikamwondoka wifi yangu usoni, akaanza kukusanya visu mezani na kuviviringisha kwenye taulo.

Sasa mnakumbuka ile ndoo? Mtu aliyejaza ndoo, akafunga duka, akasaka mfupa kwenye supu inayotokota na viatu vya visigino, ana haki yake. Asubuhi, wakati Felisita anapanga, nilivichukua vile vipande vya pembeni ambavyo havikukaa sawa, nikaviweka kwenye kibakuli, nikakifunika na kukificha nyuma ya deli la barafu. Mchana kutwa nilikuwa nakiwaza. Nilipanga nikikalie peke yangu, watu wakishaondoka.

Mzee akaingia jikoni amebeba sinia na mfupa. Jasho linamtoka. "Lipokeeni," akasema. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ile ile.

"Baba," akasema Felisita, hamtazami, "hujala."

"Nilikuwa na kazi."

Niliuma meno. Nikaenda nyuma ya deli. Nikapiga magoti mbele ya mkwe wangu, nikafunua kibakuli changu, nikamkaribisha.

Alichukua kipande. Akakigeuza. Akakitia mdomoni, akatafuna kwa utaratibu wake, na Felisita ameshika lile taulo la visu kifuani.

"Imepoa," akasema mzee.

Akameza.

"Nani amekula kabla yangu?"

"Hakuna, baba," Felisita akasema. "Wewe ndiye uliyeshika kwanza. Wote wamekula kutoka mkononi mwako."

Mzee akachukua kipande cha pili. Akala. Akachukua cha tatu, akakipakia kachumbari iliyokuwa mezani bila kuelekezwa na mtu.

"Basi hiki si kiporo, mayu," akasema.

Felisita alikaa chini sakafuni, akalia na kucheka kwa pamoja, visu vinalia ndani ya taulo. Mzee aliendelea kula. Hakuinua macho mpaka vidole vilipogusa kitako cha kibakuli. Akakiinamisha, akachungulia ndani, kisha akatutazama.

"Kuna kingine?"

Felisita alikuwa bado analia na kucheka. Ilibidi nijibu mimi.

"Hakuna, baba," nikamwambia. "Hicho kilikuwa changu."